Mwongozo kamili wa kusafiri kwa ndege hadi vijiji vya Nunavut, kaskazini mwa Kanada

Nunavut ina miji na vijiji 25, na hakuna hata kimoja kilichounganishwa na kingine kwa barabara. Jimbo lenyewe ni kubwa kuliko Tanzania mara mbili, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu 36,858 tu. Meli hufika miezi michache ya kiangazi, barafu ikishaachia bahari. Muda mwingine wote ni ndege: mwalimu anakuja kwa ndege, maziwa yanakuja kwa ndege, mama mjamzito anaondoka kwa ndege wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na marehemu anarudishwa kwao kwa ndege.

Nawaandikia Waswahili wenzangu tulioko Kanada, hasa wauguzi, walimu, mafundi na madereva, ambao siku moja wanapigiwa simu na kuambiwa kuna mkataba wa miezi mitatu Pond Inlet au Arviat. Njia hii nimeipita kwa mikataba minne ya uuguzi. Ukielewa namna usafiri huu unavyokwenda, utafika salama na mizigo yako, na hutawasumbua wenyeji ambao hawana njia nyingine.

Hatua ya 1: Jua lango la kijiji chako

Kabla ya kutafuta bei, tafuta kijiji chako kinaingiliwa kutokea wapi. Nunavut ina kanda tatu, na kila kanda ina mlango wake.

Ukanda wa mashariki, unaoitwa Qikiqtaaluk, huingiliwa kutoka Ottawa. Unaruka takribani saa tatu hadi Iqaluit, mji mkuu, kisha unabadili ndege kwenda Pond Inlet, Igloolik, Pangnirtung, Kinngait na kwingineko. Ukanda wa kati, Kivalliq, huingiliwa kutoka Winnipeg kupitia Rankin Inlet, na shirika la Calm Air ndilo linalojulikana zaidi huko. Ukanda wa magharibi, Kitikmeot, huingiliwa kutoka Edmonton na Yellowknife kupitia Cambridge Bay. Kanda hizi zina saa tofauti pia. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali ndege inapoondokea au inapotua, kwa hiyo ukipiga hesabu ya muda wa kubadilisha ndege, hakikisha unasoma saa ya mahali husika.

Shirika utakalokutana nalo mara nyingi zaidi ni Canadian North. Lilivyo leo lilizaliwa mwaka 2019, pale Canadian North ya zamani ilipounganishwa na First Air, kampuni iliyoanza 1946. Kwa miaka mingi lilikuwa mali ya Wainuit wenyewe, wenyeji wa asili wa kaskazini, kupitia mashirika yao mawili: Makivik ya kaskazini mwa Quebec na lile la Wainuvialuit wa magharibi. Mwaka 2025 liliuzwa kwa kampuni ya Exchange Income Corporation, ambayo pia inamiliki Calm Air. Nayataja haya kwa sababu utayasikia yakizungumzwa kila penye benchi la kusubiria ndege. Kwa watu wa huku, nani anamiliki ndege ni sawa na kwetu kuuliza nani anamiliki kivuko.

Kijiji cha mbali kuliko vyote, Grise Fiord, kina kiwanja kifupi mno kwa ndege za kawaida. Huko unafika kwa Twin Otter ya Kenn Borek Air kutoka Resolute, ndege ndogo ya injini mbili ambayo kila kilo ndani yake inahesabiwa.

Hatua ya 2: Nunua tiketi moja, yenye kubadilika

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua tiketi mbili tofauti: ya bei rahisi ya kufika Ottawa, na nyingine ya kupanda kaskazini. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na hakuna anayewajibika. Ukiweza, safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Ikishindikana, lala Ottawa usiku mmoja.

Bei inatisha. Kwenda na kurudi kati ya Ottawa na Iqaluit tu kunaweza kupita dola 2,000 za Kanada, na kijijini kunaongezeka juu ya hapo. Mwajiri akikulipia, soma mkataba uone kama analipia pia siku za kukwama, hoteli na mizigo ya ziada. Asipolipia, muulize kwa maandishi kabla hujasaini. Nauli maalumu iitwayo Ilak ni ya Wainuit walioandikishwa chini ya mikataba yao ya ardhi, kwa hiyo usishangae jirani yako akiwa amelipa pungufu. Ni haki yake kwenye ardhi yake.

Chagua nauli inayoruhusu kubadili tarehe hata kama ni ghali kidogo. Tarehe itabadilika. Ukifiwa na ndugu wa karibu, usinunue mtandaoni. Piga simu uulize kama kuna nauli ya msiba.

Hatua ya 3: Panga kwa siku, usipange kwa saa

Hapa ndipo mgeni anapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wanaogopa baridi, lakini baridi yenyewe si adui mkubwa wa ndege. Siku ya nyuzi 40 chini ya sifuri, anga jeupe na upepo umelala, ni siku njema ya kuruka. Wanaofunga njia ni upepo na ukungu. Idara ya hali ya hewa ya Kanada huita dhoruba ya theluji pale upepo unapofika kilomita 40 kwa saa au zaidi na macho hayaoni zaidi ya mita 400, na katika nchi hizi zisizo na miti hali hiyo lazima idumu angalau saa sita. Wala si lazima theluji mpya ianguke. Upepo huinua ile iliyolala chini, na unaweza kutazama juu ukaona anga la buluu huku mbele yako huoni nyumba ya jirani.

Kiangazi nacho kina lake. Barafu inapoyeyuka, hewa yenye joto kidogo hupita juu ya maji baridi na ukungu unatanda pwani. Kuna vijiji ambavyo Julai husubiri ndege kuliko Februari. Tena kila kijiji kina tabia yake. Kiwanja cha Pangnirtung kipo katikati ya makazi, ndani ya ghuba iliyozungukwa na milima, na upepo unaoteremka kwenye ile milima humfanya rubani ageuze hata kama kwingine kote kumetulia. Viwanja vingi ni vya changarawe. Iqaluit na Rankin Inlet vina lami.

Rubani akigeuza, mshukuru. Tarehe 20 Agosti 2011 ndege ya First Air iliyokuwa ikitoka Yellowknife iligonga kilima karibu na kiwanja cha Resolute, mawingu yakiwa chini. Kati ya watu 15 waliokuwemo, 12 walifariki. Watu wa kaskazini wanawakumbuka, na ndiyo maana utaona abiria wametulia kimya pale tangazo la kurudi Iqaluit linaposomwa, huku mgeni mmoja akipandisha sauti.

Kwa vitendo, fanya hivi. Ukitakiwa kazini Jumatatu, fika kijijini Alhamisi au Ijumaa. Ukirudi kusini kwa jambo lisilosubiri, iwe harusi, mahojiano ya uhamiaji au ndege ya kwenda Nairobi au Dar, weka siku tatu za akiba, na kwa Grise Fiord weka wiki. Usiweke safari ya kimataifa siku ile ile unayotoka kijijini, hata kama ratiba inakuonyesha masaa sita ya nafasi.

Hatua ya 4: Funga mizigo kama wenyeji wanavyofunga

Simama Ottawa penye foleni ya Iqaluit utazame. Masanduku ya magurudumu ni machache. Utaona makasha ya plastiki yenye vifuniko, yamezungushiwa gundi ya utepe mara tatu, na jina la mtu na kijiji limeandikwa kwa kalamu nene. Utaona na madeli, yale yale ya kutunzia baridi wanayobeba wauza samaki kwetu, yamejaa matunda na nyama wakati wa kupanda, na samaki wakati wa kushuka. Makasha hayaloani yakiwekwa kwenye theluji, na yakifika yanakuwa kabati lako.

Soma kwenye tiketi yako idadi ya mizigo na uzito unaoruhusiwa, kisha upime nyumbani. Ndege ikiwa nzito, baadhi ya mizigo hubaki na kufuata ndege nyingine, na ndege nyingine huenda ni keshokutwa. Kwa hiyo gawa vitu kwa akili: begi la mkononi lichukue dawa za siku saba, miwani, chaja, nyaraka, nguo za ndani na chakula cha siku moja. Betri za akiba na pawabanki ni lazima ziwe mkononi, haziruhusiwi tumboni mwa ndege.

Na koti lako zito livae, au libebe mkononi. Buti, glavu na kofia pia. Hili nilijifunza Clyde River. Ndege ilikuwa inakwenda Pond Inlet, ikashuka pale kupakua, nasi tukaambiwa tuingie jengoni tusubiri. Koti langu la baridi lilikuwa ndani ya begi, chini ya mizigo ya watu wengine, mimi nimevaa jaketi la mjini. Ilikuwa nyuzi 37 chini ya sifuri. Kutoka ngazi hadi mlangoni ni hatua kama sitini, na katika hizo hatua vidole vyangu vilikufa ganzi hata nikashindwa kushika zipu. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu alivua glavu zake za ngozi ya sili, akanivisha moja baada ya nyingine kama anavyovishwa mtoto, na hakusema neno mpaka tulipoingia. Neno la kushukuru nilikuwa bado silijui. Kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, ni *qujannamiik*.

Kuhusu pombe: vijiji kadhaa vimepiga kura kuizuia kabisa, vingine vinadai kibali. Chupa moja ndani ya begi inaweza kukufikisha mahakamani na kukukosesha kazi. Iache.

Hatua ya 5: Siku ya safari

Fika masaa mawili kabla. Beba kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali. Hii ni safari ya ndani ya nchi, lakini jina lililo kwenye tiketi lazima lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunakwama sana hapa.

Begi likishafungwa lebo, soma herufi tatu kabla halijaondoka. Pond Inlet ni YIO, Pangnirtung ni YXP, Rankin Inlet ni YRT, Cambridge Bay ni YCB. Iqaluit ni YFB, herufi zilizobaki kutoka enzi mji ulipoitwa Frobisher Bay, kabla ya kurudishiwa jina lake mwaka 1987. Lebo ikiishia YFB wakati wewe unakwenda Pond Inlet, mzigo wako safari yake inaishia Iqaluit. Mwombe mhudumu wa kaunta arekebishe papo hapo.

Jengo jekundu la Iqaluit lilifunguliwa 2017, lina joto na nafasi ya kutosha. Ukibadili ndege hapo, kaa karibu na kaunta usikilize. Matangazo husomwa kwa Kiinuktitut pia, na jina la kijiji chako huenda likasemwa kwa lugha hiyo: Pond Inlet ni Mittimatalik, Arctic Bay ni Ikpiarjuk, Resolute ni Qausuittuq. Jifunze jina hilo kabla hujatoka nyumbani.

Ndege ya kwenda vijijini mara nyingi ni ATR 42 yenye mapangaboi. Katika nyingi kati ya hizo, nusu ya mbele ni ya shehena na nusu ya nyuma ni ya abiria, ukuta katikati, nawe unaingilia mlango wa nyuma. Mbele ya huo ukuta kuna nepi, maziwa, vipuri vya pikipiki za theluji, barua, na wakati mwingine jeneza. Inasimama kijiji baada ya kijiji kama basi la mkoani, watu wanashuka na mizigo inashuka. Usishuke kabla hujauliza uko wapi.

Hatua ya 6: Ukikwama

Utakwama. La kwanza, usiondoke kaunta kabla hujajua ndege yako mpya ni ipi, na kama umewekwa ndani yake au uko kwenye orodha ya kusubiri tu. Piga simu ya shirika huku umesimama kwenye foleni. Atakayekujibu kwanza, wa kaunta au wa simu, shika huyo.

La pili, tafuta kitanda mapema. Iqaluit ina hoteli chache na usiku mmoja mara nyingi unapita dola 250. Mpigie mwajiri, wengi wana nyumba za wafanyakazi. Kwa Waislamu, mji una msikiti tangu 2016, na pale utakutana na Waafrika, wakiwemo madereva teksi wanaojua mji nyumba kwa nyumba.

La tatu, jua haki zako. Kanada ina kanuni za kulinda abiria wa ndege zilizoanza 2019. Hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu, shirika halidaiwi fidia, wala halilazimiki kukupa chakula na hoteli. Linalazimika kukupa nafasi nyingine bure, na tangu Septemba 2022, likishindwa kukupatia nafasi ndani ya saa 48 una haki ya kudai nauli yako badala ya kusubiri. Sababu ikiwa ni ubovu wa ndege unaogusa usalama, unastahili chakula baada ya kusubiri saa mbili, na malazi ukilazwa. Sababu ikiwa ni uzembe ulio ndani ya uwezo wa shirika, kuna na fidia ya fedha juu yake: kwa mashirika madogo, ambayo ndiyo kundi la haya ya kaskazini, ni dola 125 ukifika umechelewa saa tatu hadi sita, 250 kwa saa sita hadi tisa, na 500 zaidi ya hapo. Dai ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo uliza sababu, iandike pamoja na saa uliyoambiwa, na tunza risiti zote.

La nne ni la utu. Ndege zikifunguka baada ya siku tatu, viti havitoshi. Wapo wanaorudi kutoka hospitali ya Qikiqtani iliyopo Iqaluit, wapo wanaowahi miadi ya saratani Ottawa, yupo mama na kichanga cha wiki moja ambaye hajaonana na wanawe wengine kwa mwezi. Safari yako ikiweza kusubiri siku moja, mwambie mhudumu hivyo. Nimewahi kufanya, na mwajiri wangu alielewa.

Hatua ya 7: Ukishatua

Kiwanja cha kijijini hufunguliwa ndege inapokaribia, kisha hufungwa. Hakikisha kuna mtu anakuja kukupokea, na uwe na namba yake kwenye karatasi, maana laini ya simu ya kusini haishiki kila kijiji. Vijiji vingi havina benki, kwa hiyo njoo na fedha taslimu kiasi. Ukimuuliza mtu jambo akanyanyua nyusi, amesema ndiyo. Akikunja pua, amesema hapana. Usirudie swali.

Hatua ya 8: Chakula kinachokufuata

Kwa mkataba wa miezi mitatu, beba viungo, dagaa waliokaushwa na unga wa ugali wa wiki za mwanzo. Kwa mwaka mzima, unga, mchele, maharage na mafuta visafirishe kwa meli ya kiangazi. Kampuni za NEAS na Desgagnés ndizo zinazopeleka mashariki, na mzigo lazima ufike bandarini umefungwa kwenye makreti kabla ya tarehe zao. Tui la kopo usiliache nje hata usiku mmoja, maana likiganda kopo linavimba na kupasuka.

Matunda, mboga na maziwa yanakuja kwa ndege, na serikali inachangia nauli yake kupitia mpango wa Nutrition North ulioanza 2011. Ukiwa mkazi wa kijiji unaweza kuagiza moja kwa moja kwa wauzaji wa kusini waliosajiliwa, nao wanapunguza bei kabla hujalipa. Linganisha na duka la kijijini kabla hujaagiza.

Hatua ya 9: Kurudi kusini

Vijiji vingi havina mashine za ukaguzi, kwa hiyo kisu cha kuchunia samaki kinaweza kupanda nawe begani hadi Iqaluit bila mtu kukuuliza. Iqaluit kuna ukaguzi kamili kabla ya kwenda Ottawa. Hamishia visu na vimiminika kwenye mzigo wa chini ukiwa bado kijijini.

Ukiaga, huenda utapewa samaki aina ya char. Mgandishe nje usiku mzima, mfunge kwa magazeti, umweke kwenye deli, uzungushe utepe na uandike jina lako na YOW, herufi za Ottawa. Mkilala Iqaluit majira ya baridi, omba hotelini waliache deli nje ya mlango wa nyuma. Nilikaa siku mbili pale mwezi Machi, na Ottawa nilifika na samaki mgumu kama jiwe, nikampika wa nazi jioni ile ile.